Kuvuta Mitumbwi Nyuma ya Boti ya Nyumba, kutoka Dunga hadi Rusinga

Mgeni akifika Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, kukodi boti ya nyumba, yaani ile yenye vyumba, jiko na choo, swali lake la kwanza kuhusu mitumbwi huwa ni la kamba. Kamba gani? Nene kiasi gani? Mita ngapi? Ni maswali mazuri na nitayajibu. Ila katika safari zangu za kuelekea visiwa vya Rusinga na Mfangano, kamba haijawahi kuniponza nikiwa navuta. Imeniponza nikipunguza mwendo. Boti kubwa ikisita, mtumbwi ulio nyuma hausiti. Hauna breki wala nahodha, na bado una kasi uliyoupa wewe mwenyewe. Mengi ya nitakayoeleza hapa yanatokana na jambo hilo moja.

Kwa nini ujisumbue kuvuta? Kwa sababu boti ya nyumba ni ya kulala na kupika, si ya kuvulia. Haiingii kwenye mafunjo anakojificha ngege (sato), haisogei karibu na mawe ya visiwani, na ukitaka kumfuata mbuta (sangara) kimyakimya asubuhi na mapema, injini zake mbili zitakuwa zimeshamfukuza. Mtumbwi wa mita tano au sita unafika kote huko kwa kasia. Kuupandisha juu ya paa haiwezekani, na kukodi mwingine huko uendako si jambo la kutegemea, kwa sababu mwenye mtumbwi naye anautumia kutafuta riziki.

Kabla hujalipa

Soma mkataba, au kama hakuna mkataba muulize mwenye boti uso kwa uso: "Naruhusiwa kuvuta?" Wengine hukataa kabisa, na wana haki. Akikubali, aandike. Neno la mdomo husahaulika siku ile propela inaporudi imepinda.

Kisha nenda nyuma ya boti uangalie vyuma vya kufungia kamba. Nataka viwe viwili, kimoja kila pembe ya nyuma, vimepigwa boliti zilizopita hadi upande wa chini na kushikwa na bamba la chuma au la mbao ngumu. Vikiwa vimeshikwa na skrubu tu, vitang'oka. Inama uangalie kwa tochi, usione haya. Reling ya kuegemea si mahali pa kufunga chochote, wala nguzo ya paa. Nimeona watu wakifunga kwenye ngazi ya kuogelea, na ngazi hiyo sasa iko chini ya ziwa.

Mwambie pia mwenye boti mzunguke naye kidogo kukiwa na upepo. Boti ya nyumba ina kuta ndefu na chini ni bapa, kwa hiyo upepo wa ubavuni huisukuma kama karatasi. Ukiifungia mzigo nyuma, kugeuka kunakuwa kugumu zaidi, maana kamba inaishika mkia. Kama ikiwa peke yake inahangaika kugeuza uso kuukabili upepo, achana na habari ya kuvuta. Tafuta boti nyingine, au nenda bila mitumbwi.

Karatasi nyingine ni chache. Boti ya abiria iwe imekaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha linalomtosha (la mtoto liwe la mtoto), na anayevua awe na leseni ya uvuvi. Pita kwa BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya ufuo unaoondokea na ya ule unaokwenda, ueleze mko wangapi, mna mitumbwi mingapi na mnarudi lini. Hawa ndio watakaokuja kukutafuta kabla ya mtu mwingine yeyote.

Halafu jambo ambalo wageni hawalifikirii: usibebe nyavu ndani ya mitumbwi. Kokoro (wavu wa kukokotwa hadi ufuoni) na nyavu za kukokotwa na injini ni marufuku upande wetu wa ziwa. Boti kubwa inayotembea polepole, kamba zimenyooka nyuma, na mitumbwi ina nyavu ndani, kwa mbali inaonekana kama watu wanaokokota. Walinzi wa Pwani wakija kukuuliza, mazungumzo yatakuwa marefu. Bebeni ndoano na mishipi, mviweke ndani ya boti kubwa. Omena (dagaa), wanaovuliwa usiku kwa taa, nao wana msimu wao wa kupumzika, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo miezi hiyo usitegemee kuambatana na wavuvi wa taa.

Mtumbwi wa kuvutwa

Sio kila mtumbwi unaovulika unavutika. Mtumbwi wa kasia umezoea kusukumwa taratibu. Ukiuvuta kwa injini, maji yanaupiga kifuani kwa nguvu ambayo fundi hakuifikiria. Upindue uangalie chini. Pitisha kidole kwenye maungio ya mbao: kalafati (pamba ya kuzibia maungio) ikitoka kama uzi, urudishe kwa fundi. Angalia kizibo cha kutolea maji kama kimekaa, na uwe na cha akiba mfukoni.

Wenzetu wa pwani huita mbele ya chombo omo na nyuma tezi. Huku ziwani wengi tunasema mbele na nyuma basi. Kwa jina lolote, kamba inafungwa mbele na chini. Chini kabisa, karibu na mkuku (uti wa chini wa mtumbwi), usawa wa maji au juu yake kidogo. Ukifunga juu kwenye ncha, kamba inauvuta mtumbwi kichwa chini, nao unaanza kuchimba mawimbi. Ukifunga chini, unauinua pua. Kama mtumbwi hauna pete ya chuma mahali hapo, mwambie fundi aitoboe mbao ya mbele na kuweka boliti ya pete yenye bamba ndani. Ni kazi ya saa moja. Kufunga kwenye ubao wa kukalia ni njia ya haraka ya kupoteza ubao wa kukalia.

Toa kila kitu ndani: makasia, ndoo, nanga, tangi la mafuta, injini. Injini hasa. Kuiacha imening'inia nyuma ya mtumbwi mtupu ni kuualika mtumbwi upinduke, na tena injini za boti ni mali inayoibwa sana ziwani. Ikae kwenye boti kubwa, imefungwa mnyororo. Uzito mdogo unaobaki uwe nyuma ya mtumbwi, ili pua ikae juu. Mimi huweka dumu la lita 20 la maji karibu na ubao wa nyuma, limefungwa lisitembee. Tosha.

Na mtu asikae ndani. Vijana watataka kupanda huko nyuma wapigwe picha. Kataa, hata kama ndio waliolipia boti.

Mwisho, funga kidumu kitupu cha lita tano kwa kamba nyembamba ya mita 20 kwenye pete ya mtumbwi, ukikunje ndani vizuri. Matumizi yake yatakuja.

Kamba

Nailoni ya milimita 12 inatosha mtumbwi wa mita sita mtupu. Ya 14 ukitaka usingizi mzuri. Nailoni inanyumbuka, na mnyumbuko huo ndio unaomeza mshtuko wimbi linapovuta upande mmoja na boti upande mwingine. Ubaya wake ni mmoja: inazama. Ikilegea, inakwenda chini kuitafuta propela. Kamba ya plastiki inaelea, lakini hainyumbuki sana na jua huila upesi, ikabaki inaonekana nzima wakati ndani imekwisha.

Suluhisho langu nililiiba kwa wavuvi. Navuta kwa nailoni, lakini mita nane za kwanza kutoka kwenye boti nazivika maboya ya nyavu. Ukikosa maboya, kata ndala kuukuu vipande, toboa katikati, upitishe kamba, ufunge fundo kila upande. Kamba inaelea karibu na propela na inabaki na mnyumbuko wake. Si ya kupendeza macho. Watoto wa ufuoni watacheka.

Nyuma ya boti usifunge kamba moja pembeni, kwa sababu itakuwa inakuvuta upande huo siku nzima. Tengeneza kamba ya miguu miwili, kama hatamu ya punda: mguu mmoja kwenye chuma cha kushoto, mwingine cha kulia, ikutane katikati nyuma ya injini, na hapo ndipo kamba ndefu inapoanzia. Miguu iwe mirefu kiasi cha kuzipita propela hata ukigeuza usukani wote.

Kwenye mtumbwi tumia kitanzi kisichokaza, lile fundo ambalo hata likivutwa kutwa nzima hufunguka kwa vidole. Kwenye boti zungusha kamba kwenye chuma kwa umbo la nane, bila fundo la mwisho, ili mtu mmoja aweze kuifungua ikiwa imekaza. Kumbuka pia kwamba fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hata kwa karibu nusu, kwa hiyo usiunganishe vipande vitatu vya kamba ukadhani una kamba moja ndefu.

Urefu? Anza na mita 15 hadi 20 maji yakiwa shwari. Kukiwa na mawimbi, achia zaidi mpaka boti na mtumbwi vipande wimbi pamoja na kushuka pamoja. Utajua umekosea pale kamba inapolegea, kisha ikakaza kwa kishindo, ikalegea tena. Ongeza au punguza mita mbili mbili mpaka kishindo kiishe.

Mitumbwi miwili ndiyo mwisho wangu. Ifuatane, mzito mbele na mwepesi nyuma. Ukiiweka sambamba itagongana njia nzima kama watoto kwenye kiti cha nyuma cha matatu. Kamba ya mtumbwi wa pili isitegemee ubao wa nyuma wa wa kwanza. Ipitishe ndani ya mtumbwi wa kwanza hadi kwenye pete yake ya mbele, ili mzigo wote ubebwe na chuma kilekile, na kule nyuma ifungiwe kwa uzi tu isihame katikati.

Kuondoka

Kutoka Dunga hadi Mbita, mji unaotazamana na Rusinga, ni kilomita 65 hivi kwa maji. Kwa mwendo wa noti tano, ambao ni kama kilomita tisa kwa saa, hiyo ni safari ya zaidi ya saa saba. Wengi huona saa saba wakasema wataondoka saa tatu baada ya chai. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu ghuba ya Winam, ambamo njia hii inapita, ina ratiba yake. Asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu na maji yanalala. Mchana ziwa kuu huanza kupumua kuelekea Kisumu, na baada ya saa saba au nane unaukuta upepo wa magharibi umekukabili usoni, mawimbi mafupi mafupi, yaliyobanana. Ghuba haina kina kirefu, ndiyo maana mawimbi yake yanasimama wima hivyo. Jioni mara nyingi kuna radi.

Kwa hiyo tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa kumepambazuka tu, na siku ya kwanza tunaishia Asembo Bay, kabla ya saa tano na nusu. Wanaopenda ng'ambo ya kusini huishia Kendu Bay, ambayo ni karibu zaidi. Watu huvua, hupika, hulala. Kesho yake, saa kumi na mbili tena, unamalizia. Sikiliza utabiri wa ziwa wa Idara ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Mafuta gawanya mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la mambo usiyoyajua. Kuvuta kunakula mafuta, na fungu la tatu huwa linaguswa.

Usiondoke ufuoni na kamba yote iko majini. Funga mitumbwi ubavuni mwa boti, na matairi kuukuu katikati yake yasikwaruzane, utoke polepole hadi mahali pa wazi. Tangu maji ya ziwa yalipopanda sana mwaka 2020 na kumeza sehemu za fuo, kuna visiki na nguzo za ua ambazo zamani zilikuwa nchi kavu. Na Dunga kuna viboko, wasiopenda mtu akate kati yao na maji ya kina.

Ukifika wazi, weka injini katika mwendo mdogo kabisa. Mtu wa kamba, mmoja, ambaye kazi yake leo ni hiyo tu, anaachia kamba mkono kwa mkono mpaka inyooke taratibu. Ndipo unapoongeza moto, kidogo kidogo, kwa dakika mbili tatu. Ukikanyaga ghafla, pete inang'oka au mtumbwi wa pili unaruka.

Kasi ina kikomo ambacho hakijadiliwi. Mtumbwi wa mita sita ukipita noti sita hivi unaanza kupanda wimbi lake wenyewe: pua inakwenda juu, nyuma inazama, maji yanaingia. Kuongeza injini hapo hakuongezi mwendo wa maana, kunaongeza mvutano kwenye kamba tu. Huhitaji kipimo. Angalia nyuma ya mtumbwi: maji yakikaribia mdomo wa ubao wa nyuma, umezidisha.

Njiani

Geuka kwa duara pana. Mtumbwi haufuati njia yako, unakata kona kwa ndani. Ukipita karibu na boya au mwamba, kilichopona ukipita wewe kinaweza kugongwa na kilicho mita 20 nyuma yako.

Asubuhi na mapema utakuta nyavu ambazo bado hazijapakuliwa. Maboya yake ni vidumu, chupa za soda, vipande vya ndala. Zunguka mbali kwa upande wa boya la mwisho. Wewe unaweza kuvuka juu ya wavu bila kujua, ila kamba yenu ya kuvuta au mtumbwi wa pili ukaukamata na kwenda nao. Mwenye wavu yuko karibu, anakuona, na wavu ule ndio karo ya shule.

Vizimba vya samaki ni hatari zaidi kuliko nyavu. Siku hizi vipo vingi upande wa Siaya na Homa Bay, na unachokiona juu ya maji si chote: kamba zake za nanga zinaenea pembeni, chini kidogo ya uso wa maji. Navipa nafasi ya mita mia moja na zaidi.

Gugumaji lina tabia yake. Leo ghuba ni safi, kesho upepo umelisukuma likafunga ufuo mzima. Usijaribu kulipasua ukiwa unavuta. Boti itapita, mitumbwi itasukuma majani mbele yake mpaka inakuwa kama inavuta shamba. Zunguka, hata kama ni kilomita tatu.

Mtu wa kamba anaangalia nyuma kila dakika. Mtumbwi ukianza kuyumba kushoto na kulia, pengine uzito umehamia mbele au umeanza kujaa maji. Punguza mwendo (kwa njia nitakayoeleza sasa hivi) uangalie. Madebe 50 ya lita 20 ni tani nzima, na mtumbwi hujaa kimya. Mtu huyo asisimame kwenye mstari wa kamba iliyokaza, wala asiikanyage. Kamba ya nailoni ikikatika hurudi kama mjeledi, na nguvu yote iliyokuwa imeimeza inakuja nayo.

Kusimama

Safari yangu ya pili hivi ya kuvuta, tulikuwa karibu na Asembo, mitumbwi miwili nyuma. Mbele nikaona kisiwa cha gugumaji ambacho sikukitarajia. Nikafanya ambacho kila dereva wa gari angefanya: nikatoa moto wote. Boti, kwa ukubwa wake na ubapa wake, ikasimama karibu pale pale. Mitumbwi haikusimama. Wa kwanza ukaja ukagonga injini ya kulia, kamba ikalegea ikazama, na injini ya kushoto, ambayo bado ilikuwa inazunguka, ikaimeza. Kimya. Tukabaki tunaelea, upepo wa magharibi ukaanza kutusukuma kuelekea vizimba vya watu. Kilichotuokoa ni shemeji yangu, ambaye alitupa nanga bila kungoja kuambiwa. Mzee mmoja aliyekuja na mtumbwi wake kutusaidia alikaa akitutazama tunavyokata kamba kwa kisu cha jikoni, kisha akaniuliza, "Wuoda (mwanangu), ulikuwa unavuta au ulikuwa unakimbizwa?" Sikuwa na jibu, nikamwambia, "Asante, jaduong' (mzee)."

Sasa nafanya hivi, na nakuomba uige bila kupunguza hatua.

Anza kufikiria kusimama ukiwa bado na mita 300. Mwambie mtu wa kamba, kwa sauti, na yeye akujibu kwa sauti. Punguza moto kidogo, subiri mitumbwi ipunguze, punguza tena. Wakati wote kamba isigusane na neno kulegea. Ikianza kulegea, ongeza moto kidogo inyooke, au mtu wa kamba aivute ndani haraka.

Ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, kamba ivutwe ndani mpaka mtumbwi wa kwanza ubaki mita tatu nne, pua yake nyuma ya injini lakini kamba yake fupi kiasi kwamba hata ikilegea haifiki propela. Ndipo unapotoa gia. Gia ya kurudi nyuma usiiguse kamwe mpaka mtu wa kamba aseme "Kamba yote ndani." Sio "karibu," sio "endelea tu." Hayo maneno matatu, mpaka uyasikie.

Hatimaye mitumbwi iletwe ubavuni, upande uliokingwa na upepo, matairi katikati, ifungwe mbele na nyuma. Hivyo ndivyo unavyoingia kwenye gati au karibu na ufuo. Usiingie kwenye gati na mkia, hata kama umeona wengine wakifanya.

Hali ngumu kuliko zote ni mawimbi yanayokuja kutoka nyuma, na huo ndio upepo wa kurudi Kisumu mchana. Kwenda, upepo wa mchana unakupiga usoni, unakuchosha lakini kamba inakaa imenyooka. Kurudi, wimbi linauinua mtumbwi na kuutelezesha kama mtoto kwenye bembea, unakuja kasi kuliko wewe, unagonga nyuma ya boti au unajigeuza ubavu na kupinduka. Dawa ya kwanza ni kurudi asubuhi. Dawa ya pili, ukishikwa, ni kuupa mtumbwi breki: funga ndoo imara kwa kamba ya mita sita hadi kumi nyuma ya mtumbwi wa mwisho, iburute majini. Utaona mara moja unavyotulia. Mpini wa ndoo ya plastiki haudumu, kwa hiyo zungusha kamba chini ya ndoo yenyewe. Achia pia kamba ndefu zaidi ya kawaida.

Mambo yakiharibika

Panga likae nyuma ya boti, kwenye ala, mahali panapojulikana na kila mtu, na asilitumie mtu kukatia nyanya. Mtumbwi ukijaa au ukipinduka na boti ikaanza kuvutwa mkia chini, kata. Usihesabu bei. Kabla ya kukata, au mara tu baada ya, ule uzi wa kidumu cha lita tano unafanya kazi yake: mtumbwi ukizama, kidumu kinabaki juu. Sehemu kubwa ya ghuba ina kina cha mita chache tu, uzi wa mita 20 unatosha, na kesho asubuhi mtarudi na wavuvi kuuinua.

Kamba ikiingia kwenye propela: zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, tupa nanga. Kisha inua injini na ukate ukiwa juu ya boti. Mtu asiingie majini kufanya kazi hiyo kukiwa na mawimbi, na karibu na ufuo kuna kichocho na viboko.

Kuvuta usiku sifanyi. Kanuni za kimataifa za 1972 zinataka chombo kinachovuta kiwe na taa mbili nyeupe mbele kwenye mlingoti, moja juu ya nyingine, na taa ya njano juu ya ile nyeupe ya nyuma, na kinachovutwa nacho kiwe na taa zake. Boti za kukodi chache zina hizo. Na hata ungekuwa nazo, mvuvi wa omena aliyezungukwa na taa zake mwenyewe hataziona zako, wala hatajua kwamba giza lililo nyuma yako lina mitumbwi miwili. Giza likikukuta njiani, ingia ghuba ndogo ya karibu utie nanga.

Mkifika

Mbita ina njia mbili. Ile nyembamba kati ya mji na kisiwa ina daraja, na boti yenye ghorofa haina biashara huko. Pita kaskazini ya Rusinga, kwenye mkondo ule ambao feri ya Luanda K'Otieno inauvuka. Feri ina haki yake, nayo haiwezi kusimama ghafla kama wewe usivyoweza. Ingoje ipite, uone imekwenda mbali, ndipo uvuke na mkia wako.

Usiku boti ikiwa imetia nanga itakuwa inazunguka na upepo, na mitumbwi itazunguka kwa mwendo wake. Ifunge nyuma kwa kamba fupi, miwili pamoja, matairi yakiwa mahali pake. Makasia ndani ya boti, injini kwenye mnyororo. Kama unataka kuipandisha ufukweni, uliza BMU ni wapi viboko hawapiti kwenda kula majani.

Ukirudisha boti, kaa na mwenyewe mwinue injini mkiwa wawili mwangalie propela pamoja, kabla hujashusha mizigo. Kamba isuuze matope, ikague inchi kwa inchi kwa mikono mitupu, na mahali popote nyuzi zimeanza kusimama, kata hapo. Vipande vinavyobaki vinafaa sana kwa kufungia mbuzi.